Ekrani za barabarani: kabla ya kununua, mji uulize mvua, jua na umeme

Wakaaji wa miji ya mashariki ya Kongo wanaijua picha hii. Siku ya kwanza ekrani mpya inawashwa kwenye mzunguko wa barabara, rangi zinang'aa, watoto wanasimama kutazama, wakubwa wanakata utepe. Kipindi cha kwanza cha mvua kinapita. Kisha kipande kimoja cha ekrani kinakuwa cheusi, kingine kinabaki kijani usiku na mchana. Kabla ya mwaka wa tatu, chuma kimebaki pale juu kama kabati tupu, ndege wamejenga ndani. Chini yake mama muuzaji wa sambaza amepata kivuli. Hiyo ndiyo faida pekee iliyobaki.

Ekrani hizi zinaongezeka. Makanisa, hoteli, maduka makubwa, vyuo vikuu, kampuni za simu na hata ofisi za serikali wanazitaka. Nyingi zinatoka Uchina na kuingia kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mara nyingi mnunuzi anaona video kwenye simu, anapenda rangi, anatuma pesa. Haulizi kama chombo kilitengenezwa kwa ukumbi wa harusi au kwa nguzo inayopigwa na mvua ya Bukavu. Haulizi kitakula umeme kiasi gani. Haulizi nani atapanda ngazi kukitengeneza siku kitakapozima.

Kosa basi haliko katika ekrani yenyewe. Kosa ni kununua kwa macho. Chombo kinachokaa nje, katika nchi ya mvua nyingi, jua kali, radi na umeme usiotulia, lazima kichaguliwe kwa kuanza na hayo manne, na ukubwa na uzuri vifuate nyuma. Anayefanya kinyume anatupa pesa. Na kama pesa hizo ni za umma, anatupa pesa za watu ambao hawana maji bombani.

Wengine watasema: nchi ina vita, watu wanalala katika kambi za wakimbizi, je, ekrani ni jambo la kuzungumzia? Ni jambo la kuzungumzia kwa sababu pesa hizo zinatoka tayari. Na ni jambo la kuzungumzia kwa sababu, katika sehemu hii ya Kongo, habari inayofika kwa wakati inaweza kuokoa maisha.

Funzo la Goma

Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya siku ya posho, volkano ya Nyiragongo ililipuka bila wakaaji kupewa onyo. Watu zaidi ya 30 walikufa. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, wakuu wa jimbo waliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma ihamishwe kwa hofu ya mlipuko mwingine. Maelfu kwa maelfu walichukua njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka kuingia Rwanda.

Hakuna ekrani ingeweza kutabiri mlipuko wenyewe. Lakini orodha ya mitaa inayotakiwa kuhama, njia ya kupita na rangi ya hatari ya siku ile ni maneno machache, na ekrani ya barabarani inayaandika vizuri kuliko redio isiyosikika katika kelele za watu wanaokimbia. Goma inazijua alama za rangi za volkano: kijani, manjano, rangi ya chungwa, nyekundu. Kazi kama hiyo inahitajika pia wakati wa kipindupindu Uvira, wakati mto unapofurika, au wakati wa ugonjwa kama Ebola ile ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule uvumi ulitembea haraka kuliko ukweli.

Lakini siku zile za Mei 2021 zina funzo la pili. Moto wa volkano uliharibu njia za umeme na maji, na sehemu kubwa ya Goma ikabaki gizani. Ekrani iliyofungwa kwenye umeme wa mji peke yake ingezima saa ileile iliyohitajika. Basi ekrani ya kuonya watu isiyokuwa na betri yake ni pambo. Na ekrani inayoonyesha kijani kwa sababu kipande chake kimekufa, wakati hatari imefika nyekundu, ni mbaya kuliko nguzo tupu, kwa sababu inadanganya.

Jua: ekrani ya nyumbani haifai nje

Mwangaza wa ekrani unapimwa kwa kipimo kinachoitwa niti. Televisheni ya nyumbani inatoa kati ya niti 250 na 500. Chini ya jua la saa sita, mwangaza huo hauonekani. Mpita njia anaona sura yake mwenyewe kwenye kioo. Ekrani ya kioo ya aina ya LCD inayowekwa juani inahitaji angalau niti 2,500. Ekrani kubwa zinazotengenezwa kwa taa ndogo-ndogo za LED zinafika niti 5,000 na zaidi, na ndizo zinazofaa barabarani.

LCD ya kawaida ina kasoro nyingine. Ndani yake mna maji-maji maalum yanayopanga mwanga. Joto likizidi, maji-maji hayo yanapoteza mpangilio na madoa meusi yanatokea kwenye kioo. Hilo linatokea hata kama hewa ya nje ni ya kawaida, kwa sababu sanduku jeusi lililofungwa juani linapata joto kubwa kuliko hewa inayolizunguka. Duka likitaka ekrani ya LCD, iwekwe chini ya baraza, mahali ambapo jua haliipigi. Anayelazimika kuiweka juani adai kioo kilichotengenezwa kwa joto kali, na adai hilo kwa maandishi.

Upande wa kutazama nao una maana. Karibu na ikweta jua linatoka mashariki na kuzama magharibi karibu mstari mmoja mwaka mzima. Ekrani inayotazama magharibi inapigwa usoni kila alasiri, saa ambayo watu wengi wanatoka kazini. Ikiwezekana, itazame kaskazini au kusini. Barabara ikikataa, iwekewe kofia ya bati juu ya uso wake. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa kuchomelea chuma, na inaongeza miaka.

Miji yenyewe haifanani. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yake ni ya baridi, lakini ni nyepesi, na hewa nyepesi inapoza vyombo polepole kuliko hewa ya bondeni, wakati mionzi ya jua ni mikali zaidi na inapasua plastiki mapema. Kisangani iko chini, karibu mita 400, na unyevu hauondoki mwaka mzima. Lubumbashi ina miezi ya kiangazi ambapo vumbi jekundu linaingia kila mahali, kisha mvua za Novemba zinalifanya tope ndani ya feni. Karibu na Nyiragongo, moshi wa volkano unachanganyika na mvua na kuwa asidi. Wenye nyumba wa Goma wanajua jinsi mabati yanavyokula kutu upesi. Ekrani moja haiwezi kuagizwa kwa miji yote minne kwa karatasi moja.

Mvua na vumbi: tarakimu mbili za kudai

Vyombo vya nje vinaandikwa alama ya IP ikifuatiwa na tarakimu mbili. Ya kwanza inasema chombo kinazuia vumbi kiasi gani, na mwisho wake ni 6, maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili inasema kuhusu maji: 4 inavumilia maji yanayorushwa kidogo, 5 inavumilia maji ya mpira, 6 inavumilia maji ya nguvu. Kwa ekrani inayokaa wazi, IP65 ndiyo ya chini kabisa.

Hapa ndipo wauzaji wengi wanapocheza. Wanaandika IP65 kwa herufi kubwa, lakini hiyo ni ya upande wa mbele. Upande wa nyuma, ambapo nyaya na vyombo vya umeme vinakaa, unaweza kuwa IP54 tu. Mvua ya upepo ya Ziwa Kivu haiulizi mbele wala nyuma. Mnunuzi adai pande zote mbili. Au kama nyuma ni dhaifu, ajenge ukuta wa bati wenye nafasi ya hewa.

Na maji hayatoki mawinguni tu. Usiku chombo kinapoa, unyevu uliofungwa ndani unageuka matone, na matone yanakula shaba na risasi za nyaya polepole. Dawa yake ni tundu la kupumua lenye kichujio, rangi maalum ya kufunika sakiti, na kuiwasha ekrani kila siku. Ekrani inayozimwa miezi miwili kwa kukosa tangazo inakufa haraka kuliko inayofanya kazi, kwa sababu joto lake dogo ndilo linalofukuza unyevu.

Kisha kuna wadudu. Mwanga unawaita, wadudu wanaita buibui na mijusi, na nyigu wanajenga ndani ya feni. Wavu mwembamba wa chuma cha pua kwenye kila tundu unatosha. Hakuna muuzaji wa mbali anayeuweka bila kuombwa, kwa sababu kwake hakuna nyigu.

Radi: si mchezo katika sehemu hii ya dunia

Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza vipimo vya satelaiti vya miaka 16 walitoa orodha ya mahali penye mimweko mingi ya radi duniani. Nambari ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili duniani, na ya kwanza Afrika, ilikuwa Kabare, mashariki ya Kongo, yenye mimweko karibu 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kampene katika Maniema, Sake na Butembo nazo zilikuwa kwenye orodha ya kumi za Afrika.

Basi anayesimamisha mlingoti wa chuma wa mita 8 katika Kivu au Maniema bila kinga ya radi anajenga mtego. Kinga hiyo ina sehemu tatu. Kwanza, waya mnene wa shaba kutoka juu ya nguzo hadi ardhini. Pili, kifaa cha kukata umeme wa ghafla kwenye njia ya umeme, na kingine kwenye waya wa mawasiliano, kwa sababu radi inaingia kwa mlango wowote. Tatu, ardhi yenyewe iwe imepimwa. Mafundi wengi wanalenga chini ya omu 10. Goma hilo ni gumu, kwa kuwa mwamba wa lava haupitishi umeme vizuri. Fimbo moja ya shaba iliyogongwa juujuu haisaidii kitu. Inabidi fimbo nyingi zilizounganishwa, au waya mrefu uliozikwa katika udongo ulioletwa. Fundi asiyekuwa na chombo cha kupimia asiaminiwe kwa kazi hii.

Umeme: hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

Wakaaji wanajua umeme wa mji ulivyo. Mchana upo, jioni taa inakuwa nyekundu kama kaa la moto, kisha delestaji inakuja bila kuaga. Ekrani ya bei ndogo iliyotengenezwa kwa volti 220 zilizotulia inaungua katika maisha hayo. Idaiwe yenye vyombo vya umeme vinavyokubali kuanzia volti 100 hadi 240, na mbele yake kiwekwe kifaa kinachoikata volti ikipanda kupita kiasi na kungoja dakika chache kabla ya kuirudisha.

Kisha mnunuzi achukue kalamu. Ekrani ya LED ya nje inakula, kwa wastani, karibu wati 250 kwa mita moja ya mraba, na inaweza kufika 800 ikionyesha weupe mtupu kwa mwangaza wote. Ekrani ya mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Kwa wastani inakula kilowati 3. Ikiwaka saa 14 kwa siku, ni kilowati-saa 42 kila siku. Kuilisha kwa jua peke yake kunahitaji pano za sola karibu 28 za wati 450 kila moja, pamoja na betri zinazojaza chumba na mlinzi wa usiku. Kuilisha kwa jenereta ni kununua mafuta kila siku ya Mungu. Wengi wanaanza na jenereta. Mwezi wa tatu ekrani inawaka Jumapili tu. Mwezi wa sita haiwaki tena.

Sasa aangalie ekrani ya mita 2 kwa 1. Inakula kwa wastani nusu kilowati. Saa 10 kwa siku ni kilowati-saa 5. Pano nne za sola za wati 400 na betri za kadiri zinaibeba, hata mji ukiwa gizani. Haitapigiwa makofi siku ya utepe. Lakini itakuwa inawaka mwaka wa tano, na usiku wa hatari ndiyo itakayosomwa.

Kongo ina mfano wake katika jambo hili. Mwaka 2013 mji wa Kinshasa ulipata roboti za kuongoza magari, kazi ya injinia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Ziliundwa humuhumu nchini, kwa alumini isiyoshika kutu, zikapewa pano za sola, na zikafikiriwa tangu mwanzo kwa hali ya hewa ya ikweta. Mtu anaweza kubishana kama roboti inafaa kuliko polisi. Lakini njia ilikuwa sawa: kuanza na mahali chombo kitakapoishi, ndipo kukiunda.

Ukubwa unapimwa na macho ya msomaji

Kuna kipimo kingine kinachowachanganya wanunuzi, nacho ni nafasi kati ya taa moja ndogo na nyingine. Inaandikwa P10 kama ni milimita 10, P6 kama ni milimita 6. Muuzaji atasukuma ile yenye taa nyingi, kwa kuwa ndiyo ghali. Kanuni ya mafundi ni rahisi: kila milimita moja inataka angalau mita moja ya umbali. Ekrani inayosomwa na watu walio mita 10 na zaidi haihitaji kupita P10. Kuweka P4 juu ya nguzo ambayo hakuna anayeisogelea ni kulipia taa ambazo jicho halizioni, na kila taa ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika.

Herufi nazo zina kipimo. Kwa mtu aliye mita 30, herufi yenye urefu wa sentimita 25 inasomeka bila shida. Dereva na mtu wa taksi-moto wana sekunde chache tu. Maneno yazidi saba, hawatamaliza. Video zinazorukaruka mbele ya mzunguko wenye magari, pikipiki na chukudu ni hatari. Na usiku mwangaza lazima ushuke wenyewe. Ekrani iliyowekwa niti 5,000 kwa ajili ya jua inapofusha macho saa mbili usiku, katika barabara isiyo na taa, na anayevuka hapo ni mtoto aliyetumwa chumvi. Kifaa cha kupima mwanga wa mazingira na kushusha mwangaza ni kidogo na hakina bei kubwa. Kukikosa kusiruhusiwe.

Tena, lugha. Ekrani inayoonya wakaaji kwa Kifaransa peke yake inawaonya nusu yao. Kiswahili kiwe juu, Kifaransa kifuate.

Chuma, upepo na uhai wa wapita njia

Ekrani yenye masanduku ya chuma ina uzito wa kilo 40 hadi 50 kwa mita ya mraba; ile ya mita 12 inafika karibu nusu tani au zaidi kabla ya kuhesabu nguzo. Lakini uzito si adui mkubwa. Adui ni upepo. Upepo wa dhoruba wa kilomita 100 kwa saa unaisukuma ekrani hiyo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 600, na upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Mabango yanayoanguka kila mwanzo wa mvua yanaangushwa na hesabu hiyo ambayo hakuna aliyeifanya. Msingi wa saruji, bolti na ukuta unaobeba ekrani vipimwe na injinia wa ujenzi, na karatasi yake yenye sahihi ibaki kwenye ofisi ya mji. Ukuta wa matofali ya zamani usibebeshwe ekrani kwa sababu tu mwenye nyumba amekubali kodi.

Na umeme ukikutana na maji ya mvua, hausamehe. Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala huko Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulianguka penye maji ya mvua na watu 26 wakafa, wengi wao mama wa soko. Ule haukuwa waya wa ekrani. Lakini nguzo ya ekrani yenye waya uliochubuka, iliyosimama kwenye dimbwi kando ya wauzaji, inaweza kufanya vilevile. Kifaa kinachokata umeme mara unapovuja ni kidogo kama kiberiti. Hakuna ekrani ya barabarani inayopaswa kuwashwa bila hicho, na nyaya zote zipite ndani ya bomba, juu ya usawa wa maji yanayotuama.

Nani ataitunza?

Swali hili ndilo linaloamua yote, na ndilo linaloulizwa mwisho. Ekrani inataka kufutwa vumbi, kuoshwa vichujio, kukazwa bolti na kukaguliwa mipira ya kuzuia maji angalau kabla ya kila kipindi cha mvua na baada yake. Mpira uliopasuka ukibadilishwa mapema ni kazi ya dakika kumi. Ukiachwa, maji yanaua kipande kizima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mji unaofanya salongo ya kusafisha mifereji unaweza kupanga pia siku ya kusafisha ekrani yake.

Vipuri vinunuliwe siku ileile ya kununua ekrani, karibu vipande 5 kwa kila 100, pamoja na vyombo vya umeme vya akiba. Baada ya miaka miwili kiwanda hakitakuwa tena na taa za rangi ileile, na kipande kipya kitaonekana kama kiraka. Masanduku yawe ya aina inayofunguliwa na fundi wa mjini kwa bisibisi. Kijana wa Bukavu au Lubumbashi anayetengeneza simu na televisheni anaweza kujifunza kubadilisha kipande kwa siku mbili, mradi muuzaji alazimishwe na mkataba kumfundisha. Programu ya kuandika ujumbe iwe na funguo zinazobaki mikononi mwa mwenye ekrani. Kuna ekrani zilizonyamaza kwa sababu tu aliyezifunga alihama na neno la siri.

Kwa hiyo wakuu wa miji wana kazi iliyo wazi. Kibali cha kusimamisha ekrani barabarani kisitolewe kwa kulipa taksi tu. Kitolewe kwa aliyeleta mambo matano: hesabu ya umeme na mahali utakapotoka, karatasi ya injinia wa chuma na msingi, kipimo cha waya wa ardhini na kinga ya radi, mkataba wa matunzo wa miaka mitatu na fundi aliye mjini, na ahadi ya kutoa ekrani bure kwa ujumbe wa hatari saa yoyote. Asiyeweza kuiwasha kwa siku 90 aishushe kwa gharama yake, ili nguzo zisizeeke juu ya vichwa vya watu. Masharti hayo yawe sawa kwa mfanyabiashara, kwa kanisa na kwa ofisi ya serikali yenyewe, kwa kuwa mvua haichagui.

Na kama mji hauna uwezo wa kutimiza hayo matano, jibu la kweli lipo pia: ubao wa mabati uliopakwa rangi nzuri, wenye herufi kubwa za Kiswahili na bendera ya rangi inayobadilishwa na mtu anayelipwa mshahara wake kila mwezi. Ubao huo hauogopi delestaji. Mji uliochagua ubao unaosomeka umewatumikia wakaaji wake kuliko mji ulionunua ekrani kubwa na kuiacha ndege.